Ukame Una Wabunge

Aprili 2024 maji yaliingia chumba changu Mathare usiku, yakabeba godoro na daftari za chuo ambazo sikuzihitaji tena (niliacha mwaka wa pili, hiyo ni stori ya siku nyingine). Muda si mrefu matingatinga yakaja kubomoa nyumba za kando ya mto. Nikajiuliza: mbona watu wa ukame wana mamlaka yao, na sisi wa mafuriko tuna tingatinga?

Jibu haliko kwa mvua. Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965 ulitaka pesa za maendeleo ziende penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Kaskazini ikaambiwa ingoje. Miaka mingi ukame ukawa ni malori ya mahindi, na baadaye miradi ya Benki ya Dunia. Mradi nao huwa na tarehe ya kuisha.

Kilichogeuza mambo si njaa. Ni uchaguzi wa 2007 na damu iliyofuata. Serikali ya nusu mkate ya Kibaki na Raila ilibidi ishibishe pande mbili, na katika kugawana viti 2008 ikazaliwa Wizara ya Maendeleo ya Kaskazini mwa Kenya na Maeneo Mengine Kame. Akapewa Mohamed Elmi, mbunge wa Wajir Mashariki. Sasa wabunge wa wafugaji, wa vyama tofauti, walikuwa na mlango mmoja wa kubisha, na mashirika ya misaada yakajua faili zao zipelekwe wapi. Ukame wa 2011 ulipokuja, sisi wengine tukichanga kwa M-Pesa kupitia Kenyans for Kenya, hao walikuwa na mpango mezani. Mwaka huohuo Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame ikaanzishwa. 2016 ikapata sheria yake.

El Niño ya 1997 ilivunja madaraja nchi nzima. Ilituachia kituo cha operesheni za maafa, bila sheria yake. Mafuriko hupiga Budalang'i, Tana River, Nyando, Mathare, na waheshimiwa wa huko hawana sababu ya kuketi pamoja. Halafu maji yetu hukauka kabla kamati haijapata chai.

Jirani yangu Mama Brayo amepanga tena, hatua chache tu kutoka palepale. Tumeanzisha grupu ya WhatsApp na watu wa ng'ambo ya mto, tuko 17. Bado tunabishana nani atapigia watu wa Budalang'i simu.