Usawiri Safarini: Michoro ya James Grant na Njia Yake Hadi Kitabuni, 1860–1863

Istilahi ya usawiri, ambayo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili huitumia kila wanapojadili wahusika na mandhari, imeazimwa kutoka katika kazi ya mchoraji. Kusawiri ni kuchora, na kitenzi hicho kina mzizi mmoja wa Kiarabu na maneno sura na taswira. Hata hivyo, uhakiki umeshughulikia zaidi taswira ya maneno na kuiachia historia taswira ya wino na rangi. Nayo historia aghalabu imeitumia kama pambo la ukurasa. Michoro ya wasafiri wa karne ya 19 imechapishwa mara nyingi katika vitabu vya shule na vya kitaaluma, na chini yake pakaandikwa jina la mahali tu. Maswali ambayo mhakiki huyauliza kuhusu riwaya, yaani nani anasimulia, kwa ajili ya nani, na nani amehariri, hayaulizwi. Michoro ya James Augustus Grant, aliyesafiri kutoka Unguja hadi Gondokoro kati ya 1860 na 1863, inadhihirisha hasara ya kutoyauliza.

Grant alikuwa Mskoti na afisa wa jeshi nchini India, ambako alijeruhiwa mkononi katika mapigano ya Lucknow mwaka 1857. Alichaguliwa kuandamana na John Hanning Speke, ambaye alitaka kuthibitisha dai alilolitoa baada ya kuliona ziwa kusini mwake mwaka 1858, kwamba humo ndimo mnamoanzia Nile. Wawili hao walifika Unguja Agosti 1860 wakiwa na vyombo vya kupigia picha, kwa kuwa ilikusudiwa kwamba Grant awe mpigapicha wa msafara. Upigaji picha wa siku hizo ulihitaji vioo, dawa na hema lenye giza ambamo kila kioo kilitayarishwa papo hapo. Joto la ndani ya hema hilo lilikuwa kali mno, na Speke akaona kwamba kazi hiyo ingemwua mwenzake. Vyombo vikarudishwa Unguja, Grant akabaki na penseli na rangi za maji. Michoro hii basi ilizaliwa kutokana na kushindwa kwa mashine.

Jambo hilo lina uzito wa kihakiki. Kioo cha mpigapicha hupokea kila kilicho mbele yake. Penseli hupokea kile tu ambacho jicho limekichagua na mkono ukawahi kukinasa. Mchoraji aliye njiani hana budi kuchagua upesi, na uchaguzi wake hutegemea kituo. Msafara uliokuwa ukitembea haukuchoreka. Vituo navyo havikuamuliwa na Grant. Viliamuliwa na watawala waliodai hongo kabla ya kufungua njia, na wapagazi waliotoroka mizigo ikakosa wabebaji, na njaa, na vita vya mwaka 1861 kati ya Manua Sera wa Unyanyembe na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Kwa hiyo orodha ya mahali palipochorwa haiwezi kusomwa kama orodha ya mahali palipopendeza zaidi. Kwa kiasi kikubwa, ni orodha ya mahali ambapo wenyeji waliwazuia wageni wakae.

Kituo kirefu kuliko vyote kilisababishwa na ugonjwa. Huko Karagwe, katika himaya ya Rumanika, mguu wa Grant uliumia kwa namna ambayo hakuweza kutembea. Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862. Grant alibaki hadi Aprili, kisha akabebwa kwenye machela. Yamkini kukaa huko ndiko kulikompa jicho tofauti na la mwenzake. Kitabu chake cha mwaka 1864, *A Walk across Africa*, kinatangaza katika jina lake dogo kwamba kinahusu mambo ya nyumbani aliyoyaandika katika shajara ya safari ya Nile. Ugunduzi wa chemchemi haumo katika jina hilo. Aliyelala kitandani miezi mitatu huona maziwa yakikamwa, wageni wakiingia na watoto wakichungulia. Anayeukimbilia mto huona mto.

Suala la pili ni la anayechorwa. Katika usawiri wa papo kwa papo mhusika si wa kubuni, naye ana uwezo wa kukataa. Speke mwenyewe anasimulia katika kitabu chake jinsi alivyotaka kumpima kwa utepe mwanamke mnene wa ukoo wa Rumanika, akamridhisha kwa kukubali naye kumwonyesha miguu na mikono yake mitupu. Msomaji wa leo ana haki ya kuchukizwa na tukio hilo, kwani linaugeuza mwili wa binadamu kuwa kipimo. Hata hivyo, ndani yake mna ushahidi ambao picha haiwezi kuutoa: kulikuwa na masharti, na mwanamke yule naye alikuwa mtazamaji. Mapatano ya aina hiyo yalipita katika tafsiri. Speke aliongea na Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani, lugha ambayo Bombay aliijua kwa kuwa alipelekwa India akiwa mtumwa. Bombay akaongea Kiswahili. Kisha mkalimani mwingine akayafikisha maneno kwa watu wa Buganda. Nyuma ya sura yoyote iliyochorwa kwa utulivu palikuwa na mazungumzo marefu ambayo penseli haikuyasajili.

Suala la tatu ni la uhariri, nalo ndilo linalosahaulika zaidi. Kitabu cha Speke, *Journal of the Discovery of the Source of the Nile*, kilichapishwa na William Blackwood mwaka 1863, na ukurasa wake wa jina unaeleza kwamba vielelezo vyake vingi vimetokana na michoro ya Grant. Neno "vimetokana" lahitaji kutazamwa kwa makini. Rangi za maji hazikuweza kupigwa chapa moja kwa moja pamoja na maandishi. Ilibidi mchoro uchorwe upya kwa mistari, kisha uchongwe kwenye ubao wa mti. Kazi ya kuichora upya ilimwangukia Johann Baptist Zwecker, msanii Mjerumani aliyeishi London. Mchoraji wa vitabu wa wakati huo alikuwa na kanuni zake: kundi la watu lipangwe kama jukwaani, misuli ionekane, mgeni asimame mahali ambapo jicho litamkuta kwanza. Pale ambapo penseli ya Grant iliacha nafasi tupu kwa sababu hakuona, au kwa sababu msafara uliondoka, ubao wa London haukuruhusu nafasi tupu. Michoro ya Grant mwenyewe imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Lakini kwa zaidi ya karne moja kile kilichosambaa ni cha ubao.

Mfano ulio wazi ni wa maporomoko ya Ripon. Speke aliyafikia tarehe 28 Julai 1862. Grant hakuwapo, alikuwa ametumwa kuelekea kwa Kamrasi, mtawala wa Bunyoro. Kwa hiyo picha ya maporomoko iliyomo kitabuni, hata kama mkono wa Grant uliigusa baadaye, haiwezi kuwa ushahidi wa macho yake. Leo hakuna msafiri anayeweza kwenda kuihakiki, kwa kuwa maporomoko hayo yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954. Mahali panapotoweka, mchoro hupanda cheo kutoka kielelezo hadi shahidi, na ndipo swali la nani alikuwapo linapokuwa zito zaidi.

Hoja ya kwamba hali hii ni hatima ya kila maandishi ya safari ina ukweli, na fasihi ya Kiswahili inaithibitisha. Katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo uliotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1901, Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara, naye Salim bin Abakari anasimulia safari ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Huyu wa pili alisawiri kwa maneno watu na nchi za mbali kwa jicho la Mswahili, na hivyo akaubadilisha upande wa kawaida wa mtazamo. Hata hivyo, Salim alisafiri akimtumikia Mjerumani, na matini yake ilipita mikononi mwa Velten kabla ya kumfikia msomaji. Tofauti ni kwamba wahakiki wamezoea kumtaja Velten. Zwecker hatajwi.

Kutotajwa huko kuna athari hadi darasani. Mwanafunzi wa Kenya au wa Uganda anapoonyeshwa picha ya baraza la Mutesa kutoka katika kitabu cha Speke, huambiwa kwamba hivyo ndivyo Buganda ilivyokuwa mwaka 1862. Anachokiona hasa ni Buganda kama ilivyopangwa upya na msanii wa London kwa ajili ya mnunuzi wa vitabu wa mwaka 1863. Ndani yake huenda mna mstari wa kweli uliochorwa papo hapo, lakini mwanafunzi hajapewa njia ya kuutambua. Kuiondoa picha hiyo vitabuni hakutamsaidia, kwa sababu ushahidi mwingine wa macho wa miaka hiyo ni haba. Kinachohitajika ni nidhamu ileile inayotumiwa katika kuhakiki miswada ya tenzi, ambapo mtunzi hutenganishwa na mnakili, na nakala na nakala. Chini ya kila picha ya aina hiyo na yaandikwe majina matatu: aliyechora akiwa pale, aliyechora upya, na, pale anapojulikana, aliyechorwa. Ikiwa mchoraji hakuwapo, na hilo nalo lisemwe.