Kuwahi Futari: Saa ya Redio na Jua la Magu

 

Ndugu msomaji, neno "kuwahi" lina sura nyingi katika maisha yetu. Mvuvi wa dagaa huwahi usiku wa giza kabla mwezi haujaishinda taa yake. Mkulima wa pamba huwahi mvua. Msafiri huwahi basi la Mwanza. Je, mfungaji huwahi nini? Hapa ndipo tulipoteleza.

Tulipokuwa vijana wa madrasa hapa Magu, tulifuturu kwa adhana ya redio iliyotoka Dar es Salaam. Tende mkononi, masikio redioni, na jua lingali linaonekana upande wa Mwanza. Mzee wetu mmoja alikuwa akitoka nje, akilitazama, kisha akirudi kukaa bila kula. Tulimdhania kuwa anachelewesha Sunna, kwani katika Hadithi ya Sahl bin Sa'd (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuharakisha futari kumefungamanishwa na kheri ya umma. Dalili ilikuwa sahihi; sisi ndio tuliiweka pasipo mahali pake. Kuharakisha ni baada ya jua kuzama, na kila mji una machweo yake.

Wazee wetu walilijua hilo. Kuhesabu saa kwa Kiswahili huanzia kwenye mchana na usiku wenyewe, ndiyo maana saa 12 jioni hukaribiana na Magharibi. Katika miji mikubwa ya Kiislamu palikuwa na muwaqqit, mwanachuoni wa nyakati za swala. Ibn al-Shatir (aliyefariki 1375) alishika kazi hiyo katika Msikiti wa Umawiyya, Damascus, na mwaka 773 Hijria (1371/72) aliutengenezea saa ya jua, kwa ajili ya mji ule.

Saa moja kwa nchi nzima ililetwa na reli na telegrafu. Mwaka 1884 mkutano wa Washington uliichagua Greenwich kuwa mwanzo wa hesabu. Mwaka 1928 reli ikafika Mwanza. Leo saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, mstari usioigusa Tanzania popote. Dar es Salaam ipo karibu na nyuzi 39.3, Magu karibu na 33.4, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Kwa hiyo jua la Magu huchelewa kwa wastani wa dakika 23 hivi, na majira huongeza au hupunguza. Redio haikukosea, iliadhini kwa machweo ya mji wake.

Nini hukumu ya aliyefuturu akidhani jua limezama, kumbe bado? Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) amesimulia kuwa lilitokea jambo hilo zama za Mtume (s.a.w.), siku ya mawingu. Jumhuri ya wanavyuoni, wakiwemo Mashafii, wamesema mtu huyo atalipa. Ibn Taymiyya akaona halipi. Sisi hatukuwa na udhuru wa wingu: jua tuliliona, tukaiamini redio. Tulikadiria siku zile, tukazilipa.

Swala nayo vivyo hivyo. Mwezi wa Februari jua la Magu halipinduki mpaka karibu saa 7 kamili mchana. Anayeswali Adhuhuri mara tu wakati unapoingia kwa ratiba ya pwani ameswali kabla ya wakati, na swala yake haikusihi.

Hatusemi saa ya ofisi idharauliwe. Hiyo ni ahadi baina ya watu, na Muislamu hutimiza ahadi. Lakini wakati wa ibada haukuwekwa kwa makubaliano ya watu. Basi ratiba ya Ramadhani inayobandikwa misikitini mwetu iwe ya Magu, na pasipo na ratiba, tutoke nje tutazame, kama alivyofanya mzee wetu.

Wallahu a'lam.