Counter-Strike: Gemu ni ya bure, lakini mashine ndio itakula doh yako

Bezi nyingi za gemu huku Eastlands ni za FIFA. TV moja, pedi mbili, na vijana kwa benchi wakingoja mwenye atachapwa atoke. Lakini msee akishika doh yake ya kwanza ya maana, labda ni kazi ya mabati imelipa pale Kamukunji ama mzigo umeuza Gikomba, anaanza kuwaza mashine yake mwenyewe ya kejani. Hapo ndio Counter-Strike inaingia. Toleo jipya ni la bure, kompyuta za ex-UK zimejaa tao, na kutoka Shauri Moyo hadi Luthuli Avenue unaweza enda na miguu. Sasa shida iko wapi?

Shida ni kuna Counter-Strike mbili za kuchagua, na ukizichanganya unaweza choma mshahara wa mwezi mzima. Wacha tuzipange moja moja.

Ilitoka wapi

Hii gemu haikuanzia kwa kampuni kubwa. Vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, waliitengeneza mwaka wa 1999 juu ya gemu ingine, Half-Life. Valve, wenye Half-Life, wakaona watu wameshikwa, wakaichukua na kuiuza mwaka wa 2000. Toleo la 1.6 likakam 2003, na hilo ndilo bado liko kwa mashine nzee za saiba. 2012 ikafuata CS:GO, ikiuzwa dola 15 hivi, kisha ikafanywa ya bure Disemba 2018. Septemba 2023 CS2 ikachukua nafasi yake, nayo pia ni ya bure.

Sheria hazijabadilika sana. Ni watano kwa watano. Timu moja inabeba bomu, ingine inalinda penye linategwa. Ukidedi, umekaa hadi raundi iishe.

Penye inakubali

*Ganji haikununulii nguvu.* Skini ya bei ya pikipiki haiongezi hata risasi moja. Kijana wa Shauri Moyo na mtoto wa Lavington wote wanaanza na dola 800 za ndani ya gemu. Baada ya hapo ni kichwa, masikio na mkono.

*Inafunza kupanga doh.* Kwa CS2, AK-47 ni 2,700, na AWP, ile ya kulenga kutoka mbali, ni 4,750. Ukinunua peke yako na wenzako wako na bastola tu, mnachapwa wote. Mbogi yenye iko rada hukubaliana: raundi hii tunaweka, ijayo tunanunua pamoja, na mwenye amejaza anaangushia mwenye hana. Ni chama tu, ila hapa mwenye hachangi anajulikana ndani ya dakika mbili.

*1.6 ni nyepesi vibaya.* Valve wenyewe wanasema inataka prosesa ya 500 MHz na RAM ya MB 96. Kompyuta yoyote ya ofisi kutoka ng'ambo imepita hapo kitambo. Poa zaidi, mkiwa na mashine kadhaa, swichi moja na kebo, mnacheza ninyi kwa ninyi bila bando. Stima ikikuwa, gemu iko.

Penye inakuangusha

*CS2 si ya kila mashine.* Valve wanataka prosesa kuanzia Intel Core i5 750 ama ya kulingana nayo, RAM ya GB 8, kadi ya picha yenye kumbukumbu ya GB 1 na inayoelewa DirectX 11, na nafasi ya GB 85 kwa diski. Sasa cheki ile mashine ya bei ya chini: Core 2 Duo, RAM GB 4, bila kadi ya picha. Hiyo haitawaka CS2 hata ukiiombea. Hata wasee walikuwa wanacheza CS:GO poa kwa mashine za wastani waliachwa kwa stage 2023. Na kumbuka hicho kiwango ni cha chini kabisa. Ukikifikia tu, gemu itafunguka, lakini moshi ukijaa kwa skrini utahisi inakwama.

*Umbali.* Seva za Valve zenye ziko Afrika ziko Johannesburg, karibu kilomita 2,900 kutoka Nairobi. Usiku watu wakiwa wachache unaweza tupwa hadi Ulaya. Unaona adui, unafinya, kumbe kwa seva ushadedi. Waya ya WiFi ya ploti inasaidia. Hotspot ya simu wakati kila mtu kwa ploti anastream, sahau. Na kupakua gemu yenyewe na bando za siku ni kujimaliza.

*Masanduku.* Hii ndio wasee hawaambiwi. CS2 ni ya bure, lakini iko na masanduku ya skini, na ufunguo wa kufungua moja ni karibu dola 2.50. Mwaka wa 2017 sheria ya Uchina ililazimisha nambari zitolewe huko. Karibu asilimia 80 ya masanduku hutoa skini ya daraja la chini kabisa, na ile ya dhahabu, yenye visu, hutoka kwa asilimia 0.26. Hiyo ni kama mara moja kwa kila masanduku 385. Piga hesabu ya hizo funguo. 2018 Valve ilizima kufungua masanduku kwa wachezaji wa Ubelgiji na Uholanzi, juu serikali huko zilisema inafanana na kamari. Kama umeona betting ikimaliza mtu mtaani kwenu, hii ni ndugu yake, imevaa tu nguo ya gemu.

*Wezi.* Wasee wa kutumia programu za kuona kupitia ukuta wako, na bila Prime, yenye inauzwa dola 15 hivi, huwezi ingia Premier, penye watu wanacheza kwa cheo. 1.6 nayo iko na lake. 2019 kampuni ya Urusi ya Doctor Web iliripoti karibu asilimia 39 ya seva za 1.6 zilikuwa za kusambaza kirusi kinaitwa Belonard. Cheza na mabeshte kwa kebo, si kwa seva yoyote unakutana nayo.

*Kungoja.* Kwa bezi ya kulipia muda, ukidedi mapema unalipia kuangalia wengine wakicheza. Kama bado unajifunza, utaisikia mfukoni.

Kabla utoe doh

Usikubali kuambiwa "hii inacheza gemu zote". Mwambie muuzaji awashe mashine. Finya kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, finya Enter. Ukurasa wa kwanza unaonyesha prosesa na RAM. Enda palipoandikwa Display, utafute Feature Levels. Kama 11_0 haiko kwa hiyo orodha, CS2 haitafunguka, rudisha doh mfukoni. Halafu cheki diski kama iko na nafasi ya kutosha.

Kama bajeti ni ya Core 2 Duo, chukua 1.6, tafuta msee mwingine kwa ploti mwenye mashine, nunueni kebo. Hiyo itawapa raha miaka. Kama unataka CS2 na cheo, ngoja. Weka hadi ufikie i5, RAM GB 8 na kadi ya picha, na uwe na waya wa intaneti kejani. Ni kama ndani ya gemu tu: mwenye hununua haraka na doh nusu ndio huingia raundi na bastola.

Na masanduku? Wacha yakae yamefungwa.