Maksai wa Usangu: Uzito na Mwendo

Mnunuzi mgeni hutazama pembe na nundu. Mimi humwomba mwenye ng'ombe amtembeze kwanza, kisha amlete pamoja na mwenzake, maana maksai mmoja hana mwendo wa kupimwa. Mwendo ni wa jozi.

Hapa Madibira, katika bonde la Usangu, plau si ya kale. Wasangu walifuga tangu zamani, lakini shamba lililimwa kwa jembe la mkono. Katikati ya karne ya 20 Wabaluchi waliohamia bondeni wakaukuza mpunga wa kumwagilia. Wasukuma nao, walioingia na mifugo yao hasa kuanzia miaka ya 1970, walitoka kanda ya pamba ambako kulima kwa maksai kulishazoeleka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaja mradi wa maksai wa Mbeya uliofadhiliwa na Kanada, na pale mjini kiwanda cha Zana za Kilimo, ZZK, kilitengeneza zana. Hayo yana sifa zake. Lakini kulima nilifundishwa na mzee mmoja wa Kisukuma, si na mradi.

"Mwanangu," aliniambia, "usimfunge baba na mtoto nira moja."

Zebu wetu aliyekomaa huwa na kilo 250 hadi 350 hivi, na kwa kazi ya kutwa huvuta kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Akilima huenda kilomita mbili au tatu kwa saa. Wakiwa watupu barabarani, mkubwa hamzidi mdogo. Mara nyingi kidume chepesi ndicho hutangulia. Plau ikizama kwenye udongo mweusi wa mbuga ndipo uzito unaposema: mdogo hupunguza hatua, husimama, huhema, na mkubwa bado anakwenda. Kwenye kichanga hali hugeuka, kwa kuwa hakuna cha kumchosha mwepesi.

Wawili wasiolingana ni balaa. Nira hulala upande, wa mbele huizungusha plau, mfuo unapinda kama njia ya mlevi. Kiti cha pweza, kiumbe wa baharini, hutambaa kwa mamia ya vimiguu bila ubongo wa kuviamuru, na bado hufika. Jozi ya maksai ina miguu minane tu, ila vichwa viwili vya kubishana.

Miaka ya 1990 skimu ya mpunga ya Madibira ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikitumia maji ya Mto Ndembera. Majaruba yalihitaji nguvu nyingi kwa muda mfupi, na mwenye jozi iliyolingana alikuwa mtu wa kubembelezwa. Kisha wafugaji wakaondolewa kwenye ardhioevu ya Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi wakaelekea Lindi na Pwani. Waliondoka na ng'ombe, na pia wafundishaji wa ng'ombe. Hasara hiyo ya pili haikuzungumzwa sana.

Baada ya sera ya Kilimo Kwanza ya 2009 pawatila, trekta ndogo za mkono, zikaenea. Jarubani penye maji zinachavanga tope vizuri mno, sizikatai. Ila kwenye mbuga kavu ni nyepesi: magurudumu yanazunguka papo hapo. Jirani yangu kijana aliifungia yake mawe mbele ili ishike ardhi. Ilipomshinda, alikuja kuniuliza aazime jozi ipi, akionyesha ile ya maksai wawili wakubwa, mmoja mrefu kuliko mwenzake. Nikamwelekeza kwa ile ya wastani iliyolingana mabega.