Reli, Meli na Basi: Historia ya Usafiri wa Abiria Bukoba na Muleba

Mijadala ya usafiri wa umma nchini imetawaliwa na Dar es Salaam, ambako treni ya abiria ya mjini ilianza mwaka 2012 na mabasi ya mwendokasi mwaka 2016. Huko swali huwa ni chombo gani kitabeba watu wengi zaidi kwa gharama nafuu. Insha hii inadai kwamba katika Bukoba na Muleba swali hilo halitoshi, kwani kilichoamua historia ya usafiri huko ni mahali ambapo abiria hupandia.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Mwanza mwaka 1928. Upande wa magharibi wa ziwa haikufika kamwe. Kahawa ya Wahaya ilivushwa kwa meli hadi kwenye vituo hivyo vya reli, na baadaye gati la Kemondo likajengwa liweze kupokea meli za kubeba mabehewa. Kwa maneno mengine, Kagera ilipata behewa bila kupata treni. Mzigo ulinufaika, abiria hakupata kituo.

Hata hivyo, sidhani kwamba reli ya abiria ingefaulu kirahisi. Treni, iwe ya mjini au ya mikoani, hutaka watu waliokusanyika kando ya njia moja. Makazi ya Wahaya yametawanyika katika vibanja vya migomba juu ya miinuko iliyotenganishwa na mabonde, na anayefika mlangoni ni bodaboda au daladala.

Meli nayo ina mgawanyo wake. Kwa mkazi wa Bukoba, safari ya usiku hadi Mwanza ilikuwa ya moja kwa moja. Mkazi wa Muleba aendaye Mwanza, iliyo kusini mashariki, hulazimika kwanza kurudi kaskazini hadi Kemondo. Basi humpitia njiani na kuendelea kusini kuelekea Geita na Sengerema. Tofauti hii ndogo kwenye ramani ni kubwa mfukoni.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, iliyoruhusiwa kubeba abiria 430, ilizama karibu na Mwanza, na inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 800 walikufa. Wengi walipandia Bukoba na Kemondo. Msongamano ule hauelezeki kwa uzembe peke yake, ingawa uzembe ulikuwapo: barabara ilikuwa mbovu na ndefu, na reli haikuwapo. Abiria hakuwa na pa kwenda.

MV Victoria iliposimama mwaka 2014, barabara ilibaki kuwa njia kuu hadi meli hiyo iliporejea mwaka 2020. Mwaka 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, liliondoa foleni ya kivuko. Basi la Muleba sasa huingia Mwanza bila kusubiri pantoni, ilhali abiria wa meli bado hupandia kulekule, Bukoba au Kemondo.