Kumfunza Mtoto Rangi: Anza na Kikombe, Si na Kofi

Mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka 5, yuko PP2, aliporudi nyumbani na mchoro wa mnazi. Shina alilipaka kijani, makuti akayapaka kahawia. Mwalimu alitia alama kubwa ya kosa, kisha akamsimamisha mbele ya wenzake wakamcheka. Nami niliyesomea malezi ya chekechea hadi stashahada sikuwa bora. Nilimwambia, "Wewe huangalii unachofanya." Akanijibu, "Shangazi, mimi naziona sawa." Nikadhani anatafuta kisingizio.

Nitarudi kwake. Kwanza tuelewane jinsi mtoto anavyojifunza rangi, kwa sababu wazazi wengi huniuliza mbona mtoto wao anajua kuhesabu lakini rangi zinamshinda.

Mtoto mchanga wa miezi 4 hivi tayari anaona rangi. Kuzitaja ni kazi nyengine, na wengi huiweza kati ya miaka 2 na 4. Si ujinga. Kikombe waweza kumpa akishike, lakini wekundu haushikiki peke yake. Siku zote uko juu ya kitu. Ukimwonyesha nyanya ukasema "nyekundu", atajuaje kuwa hilo si jina la nyanya?

Kwa hivyo, twaeni vikombe viwili vilivyo sawa kwa kila kitu isipokuwa rangi, kimoja cheupe na kimoja chekundu. Hapo ndipo mtoto ataona kuwa tofauti ni rangi tu. Akishika, geuza: kikombe chekundu, kijiko chekundu, kiatu chekundu. Sasa vitu ni mbalimbali, rangi ni moja. Usimpe rangi kumi kwa siku. Mbili zatosha, na ya tatu ingoje wiki ijayo.

Kabla ya kumuuliza "Hii rangi gani?", mwambie "Nitafutie kingine kama hiki." Kulinganisha huja kabla ya kutaja. Vifuniko vya chupa, vibanio vya nguo na vipande vya kanga vyatosha kwa mchezo huu, wala hakuna haja ya kununua kitu.

Lugha yetu inatusaidia. Mwaka 2010 Michael Ramscar wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, pamoja na wenzake, walitoa utafiti ulioonyesha kuwa watoto wadogo hujifunza rangi vizuri zaidi wakitajiwa kitu kwanza, rangi baadaye. Kiingereza kwa kawaida hutanguliza rangi. Sisi husema "kikombe chekundu", kitu mbele, rangi nyuma, tangu enzi za mababu.

Lakini Kiswahili kina mtego wake pia. Nyeupe, nyeusi na nyekundu hubadilika kufuata kitu: gari jekundu, mlango mwekundu, maua mekundu. Kwa mtoto wa miaka 2 hayo ni kama maneno matatu. Ndiyo maana mimi huanza na vitu vya ki- pekee, yaani kikombe, kijiko, kiatu, kitabu, mpaka "chekundu" limkae. Baadaye ndipo naleta gari na mlango.

Rangi nyengine nyingi zimetokana na vitu, basi mwonyesheni asili yake. Manjano yako jikoni kwenye kopo la bizari. Kahawia ni ya kahawa, kijivu ni ya jivu, zambarau ni ya tunda lenyewe, na kijani ni ya majani mabichi. Siku moja Marikiti na mtoto mkononi ina faida kuliko chati ya ukutani. Na akirudi kutoka shule akisema "red", usimkemee. Mwambie, "Ndiyo, kikombe chekundu." Atabeba lugha zote mbili, inshallah.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Baada ya miezi kadhaa, mamake alinitajia jambo kwa kicheko: babake mzazi, Mungu amrehemu, hakuweza kujua embe limeiva mpaka aliguse, na kila siku alimuuliza mkewe kikoi hiki ni cha kijani au cha kahawia. Nilinyamaza. Wiki hiyo hiyo tulimpeleka kijana kwa daktari wa macho. Alionyeshwa zile picha za vidoa zenye nambari zilizofichwa, kipimo alichokitoa daktari Mjapani Shinobu Ishihara mwaka 1917. Nambari tulizoziona sisi, yeye hakuziona.

Hali hiyo huitwa upofu wa rangi, ingawa wengi wenye nayo huona rangi nyingi. Wanachochanganya zaidi ni nyekundu, kijani na kahawia. Aina hii hurithiwa kupitia kromosomu ya X. Mvulana anayo moja tu, aliyopewa na mamake, kwa hivyo babu mzaa mama aweza kumrithisha mjukuu kupitia binti yake ambaye mwenyewe anaona vizuri. Kwa watu wa asili ya Ulaya ya kaskazini hupatikana kwa takriban wanaume 8 katika kila 100. Kwetu Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo. Ya kurithi haina dawa, wala haimzuii mtoto kusoma na kufaulu.

Basi mtoto akifika miaka 4 au 5 na bado anachanganya rangi zile zile kila mara, mjaribuni kwanza mchana penye mwangaza mzuri. Akiendelea, mpelekeni kupimwa, na mwalimu aelezwe. Kumpiga hakumwongezei macho, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza adhabu ya viboko shuleni.

Leo kalamu zake za rangi zimeandikwa majina kwa wino mweusi, na huzisoma mwenyewe kabla ya kupaka. Nilimuomba radhi. Aliniuliza kama sasa namuamini. Swali hilo liliniuma, maana alikuwa ameniambia kweli tangu siku ya kwanza.