Dawa ya Wengine: Upele na Kunyonyoka Manyoya kwa Mbwa wa Bonde la Kilombero

Historia ya tiba ya mifugo katika Tanzania huandikwa kwa kawaida kupitia ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe ndiye aliyehesabiwa, aliyechanjwa na kujengewa majosho, na ndiye aliyekuwa mbele ya macho ya idara ya mifugo tangu ilipojikita Mpwapwa. Bonde la Kilombero haliingii kwa urahisi katika historia hiyo. Katika tambarare hiyo ya mafuriko, iliyolala kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki, ndorobo, yaani inzi anyonyaye damu na kueneza vimelea viitwavyo tripanosoma, walizuia ufugaji wa ng'ombe kwa muda mrefu, na wakazi wake, Wandamba, Wambunga, Wabena na Wapogoro, waliishi kwa mpunga, samaki na uwindaji. Penye mbuzi wachache na kuku, mbwa ndiye aliyekuwa mnyama wa karibu zaidi na kazi za binadamu. Anayetaka kujua jinsi ngozi ya mnyama wa kufugwa ilivyotibiwa Ifakara, Mngeta au Mchombe hana budi, kwa hiyo, kuanza na mbwa, na akifanya hivyo hugundua mapema kwamba karibu kila dawa iliyomfikia mbwa huyo ilitengenezwa kwa ajili ya kiumbe mwingine.

Kazi ya mbwa bondeni ilifungamana na mpunga. Mashamba yaliyo chini, karibu na maji, huwa mbali na kijiji, na familia nyingi huhamia huko kwa miezi kadhaa ya msimu, zikiishi katika vibanda na madungu, yaani majukwaa ya miti yaliyoinuliwa ili mlinzi aone mbali. Nguruwe pori, nyani na viboko huharibu shamba kwa usiku mmoja, na mbwa aliyelala chini ya dungu huwasikia kabla ya mwenye shamba kuamka. Mbwa huyohuyo aliandamana na wawindaji waliomfuata sheshe, swala wa maji ambaye bonde hili lilikuwa mojawapo ya makao yake makuu duniani, mpaka sheria za wanyamapori zilipoufanya uwindaji wa namna hiyo kuwa kosa. Uwindaji wa Wandamba uliwavutia waandishi mapema, na mwaka 1926 A. G. O. Hodgson alichapisha maelezo marefu kuhusu desturi zake. Hata hivyo, mbwa aliyethaminiwa kwa masikio na pua yake hakushikwashikwa mwilini. Kwa Waislamu wengi wa bonde, wafuatao madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi ambayo humlazimu mtu aoshe mara saba, mojawapo kwa udongo, na hata katika nyumba za Wakristo mbwa alilala nje, kwenye majivu ya jiko au chini ya uchaga wa kuni. Ugonjwa wa ngozi ulikuwa na nafasi ya kutosha kusambaa kabla ya jicho la mwenye mbwa kuuona, na mkono wake haukuutangulia.

Upele wa mbwa ulio wa kawaida zaidi husababishwa na utitiri uitwao Sarcoptes scabiei, mdudu mwenye miguu minane, mdogo kiasi kwamba bila lenzi haonekani, ambaye jike lake huchimba handaki ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai mawili au matatu kwa siku. Kutoka yai hadi utitiri mpevu hupita majuma mawili au matatu. Dalili zake hufuata ramani inayojulikana: huanza kwenye ncha za masikio, viwiko na magoti ya nyuma, kisha hushuka tumboni ambako manyoya ni machache; mbwa hujikuna hadi damu inatoka, manyoya hunyonyoka, ngozi huwa nene, kavu na yenye gaga la kijivu, na hatimaye hukunjamana shingoni. Ukisugua ncha ya sikio la mbwa huyo kati ya vidole viwili, mguu wake wa nyuma mara nyingi hupiga hewa wenyewe kana kwamba unajikuna, dalili ambayo madaktari wa mifugo huitumia hadi leo. Utitiri huo huweza kumpa mtu mwasho wa muda anapolala karibu na mbwa, na kwa binadamu ipo jamii yake maalumu ambayo Giovanni Cosimo Bonomo na Diacinto Cestoni waliieleza nchini Italia mwaka 1687, wakiwa miongoni mwa watu wa kwanza kuonyesha kwamba kiumbe kisichoonekana kwa macho kinaweza kuwa chanzo cha ugonjwa mahususi.

Utitiri wa pili, Demodex, una tabia tofauti. Huishi ndani ya mashimo ya nywele, mtoto huupata kwa mama yake katika siku za mwanzo za kunyonya, na mbwa wengi wazima huubeba maisha yao yote bila madhara, kwa sababu kinga ya mwili huuzuia usizaliane. Kinga hiyo inapodhoofika, ama kwa utoto, njaa, minyoo au uzee, utitiri huongezeka na manyoya hudondoka kwa mabaka, mara nyingi kuzunguka macho na kwenye miguu ya mbele. Mgeni wa tatu alitoka mbali zaidi. Funza, kiroboto ambaye jike lake huingia ndani ya ngozi na kuvimba kwa mayai, aliletwa Afrika mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazili na kufika pwani ya Angola, na kabla ya karne hiyo kwisha alikuwa amelivuka bara hadi Bahari ya Hindi kwa miguu ya wapagazi, askari na wanyama wao. Nyayo za mbwa na pua yake ni makao mazuri kwake, jambo lililomfanya mbwa ahesabiwe kuwa mwenezaji alipokuwa kwanza mgonjwa.

Tiba za nyumbani zilitokana na kilichokuwapo, na zinastahili kuelezwa bila dharau. Maji ya majani ya tumbaku yalipakwa mgongoni, kwa kuwa nikotini ni sumu halisi ya wadudu. Majani ya mwarobaini yalipondwa na kuchemshwa. Kibiriti upele, yaani salfa, kilichanganywa na mafuta, na huo ni mchanganyiko ambao hospitali nyingi za dunia ziliutumia kwa binadamu mpaka karne ya 20. Baadaye, magari na mashine za kukoboa mpunga zilipoenea, ilikuja oili chafu, ambayo humziba utitiri pumzi lakini humwingia mbwa mwilini kupitia ngozi iliyochubuka na kupitia ulimi wake anapojilamba, ikiharibu ini na figo. Kati ya tiba zote hizo, oili chafu ndiyo iliyodumu kwa nguvu zaidi, na ndiyo iliyo mbaya zaidi.

Mabadiliko makubwa yalianzia kwenye maabara ambayo haikuwa na nia yoyote juu ya mbwa. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walifika Tanganyika mwaka 1921 na kushika misheni za Mahenge na bonde lake, na kupitia njia hiyo mtaalamu wa wanyama Rudolf Geigy, mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyoanzishwa Basel mwaka 1943, alifika Ifakara mwaka 1949 na kuona kwamba panafaa kwa utafiti. Maabara ya taasisi hiyo ilifunguliwa Ifakara mwaka 1957, na kutokana nayo ilikua Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Geigy alichunguza ndorobo na malale, ugonjwa ambao katika miaka ya 1940 ulikuwa umeifanya serikali ya kikoloni kuwahamishia wakazi wengi wa bonde kwenye makazi ya pamoja. Alichunguza pia papasi, kupe laini aishiye kwenye nyufa za sakafu za udongo na kueneza homa za kujirudia. Ukoo wake ulikuwa ndio wa kampuni ya kemikali ya J. R. Geigy ya Basel, ambamo Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT huua wadudu, ugunduzi uliompa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Kwa hiyo mji mdogo wa kando ya mto Kilombero uliunganishwa moja kwa moja na mji ambamo sumu ya kisasa ya wadudu ilizaliwa. Elimu iliyokusanywa Ifakara kuhusu kupe, inzi na vimelea ilikuwa ya hali ya juu kwa kipimo cha wakati wowote. Mbwa aliingia humo kama chakula cha kupe na ghala la vimelea, na swali la namna ya kumpunguzia mwasho halikuwa swali la maabara ya aina hiyo. Ni haki kulisema hilo bila kuwalaumu watu ambao kazi yao ilikuwa kuokoa maisha ya binadamu.

Dawa ya vitendo ilikuja na ng'ombe, na ng'ombe walikuja baada ya reli. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita chini ya Udzungwa kupitia Ifakara na Mngeta hadi Mlimba, ikafungua ardhi ambayo hapo kabla ilifikika kwa shida. Misitu ikafyekwa, ndorobo wakapungua, na kuanzia miaka ya 1980 wafugaji, hasa Wasukuma, Wamaasai na Wabarbaigi, walianza kuingia na mifugo yao. Wengine walifuata mwaka 2006 na 2007 baada ya kuondolewa katika bonde la Usangu. Migogoro iliyofuata kati yao na wakulima inajulikana, na Operesheni Okoa Bonde la Kilombero ya mwaka 2012 iliwaondoa wengi, lakini maduka ya dawa za mifugo yaliyofunguliwa kwa ajili yao yalibaki. Humo zilipatikana dawa za kuogeshea za jamii ya pairethroidi, ambazo ni mfano uliotengenezwa na binadamu wa sumu ya ua la pareto, zao ambalo wakulima wa Mufindi na Makete wamelilima kwa miaka mingi. Zilipatikana pia chupa za amitrazi, ambayo huua utitiri vizuri.

Ugumu ulikuwa katika kipimo. Maelekezo ya chupa hueleza kiasi cha kuchanganya kwa lita za maji za kunyunyizia kundi la ng'ombe, wakati mwenye mbwa mmoja hununua kiasi kidogo kilichomiminwa kwenye chupa ya soda na kukipima nyumbani kwa kifuniko. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, utitiri hupona. Ukiwa mzito, mbwa hutokwa na mate, hutetemeka na huweza kufa, hasa akiachwa ajilambe. Hesabu ya ivermectini huonyesha hatari hiyo waziwazi zaidi. Dawa hiyo ilitokana na bakteria wa udongo waliokusanywa na Satoshi Ōmura huko Kawana, Japani, ikaingia sokoni kwa mifugo mwaka 1981, na tangu 1987 kampuni ya Merck ikaitoa bure kwa ugonjwa wa usubi, yaani upofu wa mtoni, ambao milima ya Mahenge ni mojawapo ya makao yake makubwa Tanzania. Wakazi wa nyanda hizo wamekuwa wakiimeza kila mwaka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Sindano ya ng'ombe ina miligramu 10 katika kila mililita, na ng'ombe wa kilo 250 huchomwa mililita 5. Mbwa wa kilo 10, kwa kipimo kilekile cha uzito, anahitaji mililita 0.2 tu, tone dogo ambalo bomba kubwa la sindano haliwezi kulipima. Mbwa anayechomwa mililita moja amepewa mara tano ya haki yake.

Mara ya kwanza ambapo mbwa wa bonde alishikwa na mtaalamu kwa wingi ilikuwa katika vita dhidi ya kichaa cha mbwa. Kuanzia mwaka 2010 mradi wa majaribio uliosimamiwa na serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Taasisi ya Bill na Melinda Gates, ulichanja mbwa katika wilaya 28 za kusini-mashariki, Kilombero na Ulanga zikiwamo. Watoto walileta mbwa kwa kamba za katani na vipande vya chandarua hadi kwenye mti au shule ya kijiji, na wengi wa mbwa hao hawakuwa wameguswa na bwana mifugo kabla ya siku hiyo. Lengo, kwa mara nyingine, lilikuwa binadamu, kwani karibu vifo vyote vya kichaa hutokana na kuumwa na mbwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, ilikuwa tayari imempa mwenye mnyama wajibu wa kumkinga na maumivu na ugonjwa, lakini sheria haina bomba la sindano.

Chanjo, chakula kilicho bora zaidi katika nyumba zilizonufaika na mpunga, na kupungua kwa ndorobo vimemwezesha mbwa mmoja mmoja kufikia umri ambao zamani ulikuwa nadra, na hapo tatizo la manyoya limebadilika sura. Mbwa mzee anaweza kunyonyoka bila utitiri wowote. Tezi ya thairoidi iliyoko shingoni ikipunguza homoni yake, manyoya hupungua pande zote mbili za mwili kwa ulinganifu, mkia huwa kama wa panya, mbwa hunenepa na kuwa mzito wa kuamka, naye hajikuni. Tezi za adrenali zilizo juu ya figo zikizidisha homoni zao, tumbo hulegea, ngozi huwa nyembamba, na mbwa hunywa maji na kukojoa kupita kiasi. Demodex anapozuka kwa mbwa wa umri huo, mara nyingi ni ishara kwamba kuna ugonjwa mwingine ndani, ama uvimbe, ama tezi, ama homa sugu inayoletwa na kupe wa kahawia. Kuyatenga maradhi haya huanza na wembe, tone la mafuta na hadubini: ngozi hukwanguliwa hadi damu ichomoze, kilichokwanguliwa huwekwa kwenye kioo, na utitiri, kama upo, huonekana ukitembea. Hadubini za namna hiyo zipo Ifakara tangu 1957, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimekuwa kikifundisha madaktari wa mifugo kwa miongo kadhaa. Hata hivyo kutoka Mchombe hadi Morogoro ni safari ya siku nzima kwa nauli inayozidi bei ya mbwa, na duka la karibu lina sindano ya ng'ombe. Kwa hiyo mbwa mzee anayenyonyoka bila kujikuna hupewa ivermectini kama yule mwenye upele, hurudishiwa sindano baada ya majuma mawili, na tezi yake haipimwi.